Majina ya Ndege wa Upare Yaandikwe

Kila mtoto aliyekaa chuoni akasimuliwa habari za Nabii Suleiman anamjua hudihudi. Ndege yule alikosekana katika hadhara ya mfalme, na aliporudi alileta habari za nchi ya Saba ambazo mfalme mwenyewe, pamoja na majeshi yake yote, hakuwa nazo. Nabii Suleiman alikuwa amefundishwa lugha ya ndege, na kwa hiyo alisikiliza. Tumeanza na kisa hiki kwa sababu tunataka kuwauliza wananchi wa Same, nasi wenyewe tukiwemo, swali moja: sisi ambao ndege wanatuamsha kila alfajiri, tangu tambarare za Mkomazi hadi kilele cha Shengena, tumesikia nini na tumeandika nini?

Yuko ndege mdogo, mwenye mgongo wa kijani, koo la njano, tumbo la kijivu, na duara jeupe kuzunguka jicho kana kwamba amevaa miwani. Kwa Kiswahili jamii yake huitwa vinengenenge. Huyu wetu anaishi katika milima ya Upare ya Kusini, ndani ya msitu wa Chome na kandokando yake, na hapatikani mahali pengine popote duniani. Kilimanjaro hayupo, ingawa tunauona mlima ule asubuhi kukiwa hakuna mawingu. Usambara nako hayupo, ingawa ni jirani zetu. Akitoweka Chome, ametoweka duniani. Hata hivyo, ukisimama katika stendi ya mabasi ya Same ukawauliza watu mia moja habari za ndege huyu, tuna shaka kama utapata watano wanaomjua.

Wataalamu wa Kizungu walimpa jina la kisayansi katika miaka ya 1930, Zosterops winifredae, kwa heshima ya Bibi Winifred Moreau, mke wa Bwana Reginald Moreau ambaye wakati huo alikuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, Usambara. Hatuna ugomvi na bibi yule, maana alikuwa mpenzi wa ndege wa kweli. Ila ni lazima tukiri kwamba ndege ambaye ni Mpare kuliko Wapare wote, kwa kuwa hajapata kuhama, anatambulika katika vitabu vya dunia kwa jina la mke wa mgeni, na jina aliloitwa na wazee wetu halimo.

Kuna jambo jingine linalohusu vitabu, nalo lina uzito mkubwa zaidi. Kwa miaka mingi vitabu vya ndege vilimhesabu kinengenenge wetu kuwa ni tawi tu la aina moja iliyotawanyika juu ya milima kuanzia Ethiopia hadi kwetu. Msomaji aliyefungua kitabu aliona kwamba ndege huyu yupo kila mahali, na kwa hiyo hakuwa na sababu ya kumhofia. Ulipofanywa uchunguzi wa vinasaba katika miaka ya 2010, ilidhihirika kwamba vinengenenge wa vilele mbalimbali, ingawa wanafanana kwa sura, wametengana tangu zama za kale, na undugu wao si kama ulivyodhaniwa. Orodha za wataalamu zikasahihishwa, na ndege wa Upare akasimama peke yake. Msituni hakuna kilichobadilika siku ile. Ndege aliendelea kula matunda na wadudu kama kawaida. Kilichobadilika ni mstari mmoja katika kitabu, na mstari ule ndio uliogeuza msitu wetu kuwa nyumba pekee ya kiumbe kizima.

Hiyo ndiyo sababu tunasema kwamba kusahihishwa kwa vitabu vya ndege si shughuli ya wenye nafasi peke yao. Ofisa anayeamua msitu upi upewe walinzi, mfadhili anayeamua fedha ziende wapi, na mgeni anayeamua ashukie Same au apitilize hadi Arusha, wote husoma kwanza kilichoandikwa. Kisichoandikwa, kwao hakipo.

Tuvitazame basi vitabu vyenyewe. Mwaka 1952 na 1955 Mackworth-Praed na Grant walitoa majuzuu mawili mazito juu ya ndege wa Afrika Mashariki na Kaskazini Mashariki. Mwaka 1963 John Williams alitoa kitabu cha kubebeka mkononi, na kwa muda mrefu hicho ndicho kilichokuwa katika magari ya watalii. Mwaka 2002 Terry Stevenson na John Fanshawe walitoa kitabu kilichokusanya ndege 1,388 wa Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi, kila mmoja na picha yake. Toleo la pili la kitabu hicho lilitoka mwaka 2020, likiwa na ndege zaidi ya 1,400, kwa sababu elimu imesonga mbele na ndege waliofungwa katika fungu moja wamefunguliwa. Ni kazi ya kupongezwa. Lakini vyote hivyo vimeandikwa kwa Kiingereza, na bei zake si za mfuko wa mwalimu wa shule ya msingi wala wa mkulima wa tangawizi wa Mamba Myamba.

Katika sauti, habari ni ile ile. Mwaka 1958 Myles North, aliyekuwa ofisa wa serikali ya kikoloni nchini Kenya, alitoa sahani ya santuri yenye sauti za ndege wa Afrika, nayo ilichapishwa na Chuo Kikuu cha Cornell huko Marekani. Leo chuo hicho hicho kina programu ya simu iitwayo Merlin, iliyoanza mwaka 2014, na tangu mwaka 2021 programu hiyo husikiliza. Mtu hunyanyua simu msituni, simu huigeuza sauti kuwa mchoro, huulinganisha mchoro huo na maelfu ya michoro iliyohifadhiwa, kisha humtajia jina la ndege. Huko Uholanzi nako, tangu mwaka 2005, kuna hazina iitwayo Xeno-canto ambayo hupokea sauti za ndege kutoka kwa mtu yeyote, na kuzitoa bure kwa yeyote anayetaka kusikiliza.

Mtu asiyepata kupanda Chome anaweza kuuliza faida ya sauti iko wapi iwapo picha zipo. Aende akajionee. Ndani ya msitu ule ukungu hushuka saa nne asubuhi, miti ya mkulo hufunga anga, na kwa kila ndege mmoja utakayemwona utasikia kumi. Huko chini Mkomazi, vipozamataza wa nyikani hufanana kwa rangi ya udongo hata mjuzi huwatofautisha kwa wimbo. Kirukanjia na bundi hawaonekani kabisa. Sauti ndiyo sura yao. Anayejua ndege kwa macho peke yake amejua nusu.

Sasa tunafika kwenye jambo lililotufanya tuichukue kalamu. Miaka kadhaa iliyopita tulipanda Chome kwa ajili ya mkutano wa kijiji. Mzee mmoja wa huko alijitolea kutusindikiza kwa njia ya mkato inayopita ukingoni mwa msitu. Kila baada ya hatua chache alisimama, akainua kidole. "Wanangu, huyo anaita mvua," alisema, na akamtaja ndege kwa Chasu. Mbele kidogo akatutajia mwingine, akasema huyo akilia jioni upande wa bondeni, mwenye mbegu na aandae shamba. Kwa mwendo wa saa nzima alitupa majina yasiyopungua kumi, kila jina na kazi yake, na mengine yalikuwa ni sauti ya ndege mwenyewe iliyogeuzwa kuwa neno. Sisi tulitikisa vichwa kwa adabu na kuharakisha, kwa maana tulichelewa.

Daftari tulikuwa nalo, na kalamu ilikuwa mfukoni. Tulipofika mkutanoni tuliandika mahudhurio, tukaandika michango, tukaandika nani ametoa na nani hajatoa. Daftari lile tunalo hadi leo. Majina yale kumi hayamo. Mzee amekwisha kufariki, Mungu amrehemu. Tulipokwenda kuwahani wafiwa tuliwauliza wanawe, wakakumbuka majina matatu, na kwa hayo matatu walibishana ni ya ndege gani. Hatumlaumu mtu kwa hasara hiyo ila sisi wenyewe. Mgeni hakutunyang'anya kitu. Tulikitupa njiani tukiwa na kalamu mfukoni.

Watakuwepo watakaosema kwamba haya ni mambo ya anasa. Watauliza: barabara za milimani zinamomonyoka kila masika, vijana hawana ajira, nanyi mnatuletea habari za vinengenenge? Ni swali la haki, na sisi tunaofanya kazi na wananchi tunalisikia kila siku. Tunalijibu kwa mambo matatu.

Kwanza ni maji. Msitu wa Chome, wenye zaidi ya hekta 14,000 na kilele cha Shengena chenye meta 2,462, ndio tangi la Upare ya Kusini. Unakamata ukungu, unaupeleka katika vijito, na vijito vinajaza ndiva ambazo wazee wetu walizijenga kabla mkoloni hajaja kutufundisha neno umwagiliaji. Miti ya msitu ule haikupandwa na mtu. Hondohondo, shorobo, vinengenenge na wenzao hula matunda na kuzitawanya mbegu kila siku ya Mungu, bila posho wala likizo. Anayeujua msitu kwa ndege wake hutambua mapema pale ndege wanapokosekana, na hapo ndipo huanza kuuliza nani anakata magogo, nani anachimba dhahabu kwa siri.

Pili ni shamba. Mkulima wa mpunga wa Ndungu anamjua kwelea kwelea, kwa kuwa anamla jasho lake. Lakini katika kundi la ndege wadogo wa kahawia wanaotua shambani wamo pia wasio na hatia, na wamo wanaokula wadudu waharibifu. Adui asiyetambuliwa vyema humponza jirani yake. Kumjua ndege kwa jina na tabia ni sehemu ya kilimo cha kisasa sawa na kuijua mbegu.

Tatu ni kazi. Kuna wageni wanaosafiri kutoka pembe za mbali za dunia ili tu wamwone ndege ambaye hayupo kwingine. Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi, ambayo ilikuwa pori la akiba tangu mwaka 1951, ina ndege wa aina zaidi ya 400, na lango lake la Zange liko kilomita chache tu kutoka mjini Same. Chome iko juu yetu. Mgeni wa namna hiyo huja na kitabu begani na sauti zote katika simu. Kijana wa kijijini humpeleka hadi mahali alipo ndege, kwa kuwa anajua mti na saa. Mgeni humtaja ndege. Na mwisho wa safari kijana hulipwa ujira wa mchukuzi, si wa mjuzi. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji huyu atapona vipi ikiwa elimu yake haina jina?

Wala tusidhani kwamba elimu ya wenyeji ni ndogo. Mwaka 1991 katika milima ya Udzungwa watafiti waliona miguu ya ndege wasiyemtambua ndani ya chungu cha kitoweo kambini. Kwa kuifuata miguu ile walimfikia kwale wa ajabu, mwenye undugu na jamaa zake wa Asia, na mwaka 1994 alitangazwa kwa wanasayansi kuwa ndege mpya. Kwa dunia alikuwa mpya, ila kwa aliyempika alikuwa mboga. Huko Zambia, Mwafrika aitwaye Jali Makawa alifanya kazi ya kukusanya ndege kwa miaka mingi pamoja na mtaalamu wa Kiingereza, na jina lake limo katika jina la kisayansi la ndege mmoja aliyepatikana mwaka 1964. Hayo ni machache yaliyoandikwa. Wengine walioelekeza njia, wakaiga sauti, wakapanda miti kutazama viota, hawakuachiwa hata herufi moja.

Hapa Upare hatuna udhuru wa kusema hatujui namna ya kuandika yaliyo vinywani mwa wazee. Profesa Isaria Kimambo, mwana wa milima hii, alifanya hivyo hasa katika historia. Alikusanya simulizi za wazee, na mwaka 1969 kikatoka kitabu cha historia ya siasa ya Wapare. Ni yeye pia aliyeandika habari za Mbiru, yaani jinsi wazee wetu walivyoteremka hadi Same kwa maelfu mwaka 1945 kuipinga kodi ya dhuluma. Leo mjukuu anaijua Mbiru kwa sababu mtu mmoja alikaa chini akasikiliza na kuandika. Kilichowezekana kwa habari za watu kinawezekana kwa habari za ndege.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo manne, na yote yamo katika uwezo wetu.

La kwanza, kiandaliwe kijitabu cha Kiswahili cha ndege wa Same. Kisiwe cha ndege 1,400. Ndege 50 wanatosha kuanzia, kuanzia kunguru wa stendi hadi kinengenenge wa Shengena. Kila mmoja awe na picha, jina la Kiswahili, jina la Chasu, jina la kisayansi, na maelezo ya sauti yake kama wenyeji wanavyoiiga. Halmashauri ya Wilaya ina maofisa elimu na maofisa utamaduni. Wakala wa Huduma za Misitu una walinzi Chome. Shirika la Hifadhi za Taifa lina wataalamu Mkomazi. Wakiketi meza moja, kazi itaanza. Na kijitabu hicho kisahihishwe kila baada ya miaka michache, maana tumeona kwamba kitabu kisichosahihishwa humficha ndege badala ya kumwonyesha.

La pili, sauti zikusanywe, na zikusanywe na vijana wetu. Simu ambazo vijana wanazichezea muziki vijiweni zinaweza kunasa wimbo wa ndege alfajiri. Programu za simu tulizozitaja hutegemea sauti zilizokwisha kukusanywa. Pale sauti zilipo chache, simu hukosea, na hukosea kwa ujasiri. Kila sauti itakayonaswa Chome ikiwa na tarehe na mahali, ikapelekwa katika hazina ya dunia na nakala ikabaki Same, itapunguza kosa hilo. Pamoja na sauti ya ndege, inaswe sauti ya mzee anayemtaja.

La tatu, Baraza la Kiswahili la Taifa, ambalo tangu mwaka 1967 limefanya kazi kubwa ya kukuza lugha, lisaidie kusanifu majina ya ndege. Mara nyingi kamusi humwambia msomaji kwamba neno fulani ni aina ya ndege mdogo, kisha hunyamaza. Lugha iliyoweza kuendesha bunge na mahakama haiwezi kushindwa na kipozamataza.

La nne ni onyo. Wapo waongozaji na wageni wanaopiga sauti iliyorekodiwa ili ndege atoke mafichoni. Ndege dume akisikia sauti ya mwenzake hudhani mvamizi ameingia nyumbani kwake. Huacha kula, huacha kulinda kiota, hutoka kupigana na adui asiyekuwepo. Likifanywa mara moja kwa kiasi, pengine halina madhara makubwa. Likifanywa kila siku, mahali pale pale, tena kwa ndege ambaye hana nchi nyingine duniani, ni uonevu. Mgeni mwenye adabu hapigi kelele mlangoni mwa mtu mpaka mwenye nyumba atoke na rungu. Wasimamizi wa hifadhi waweke kanuni, na vijana wetu wawe wa kwanza kuzilinda hata kama mgeni anaongeza bakshishi.

Tunajua fedha ni chache. Lakini kazi ya kwanza katika hizi haihitaji fedha. Inahitaji mwanafunzi, daftari na mzee. Mwalimu wa shule yoyote, iwe Suji, Gonja, Hedaru au Kisiwani, anaweza Jumatatu hii kuwaagiza wanafunzi wake waende kwa babu na bibi zao na kurudi na majina matano ya ndege kwa Chasu, kila moja na maana yake. Viongozi wa mashina na wa vijiji, tunaobeba madaftari kila tuendako, tunaweza kuacha kurasa mbili za mwisho kwa ajili hiyo. Kila ndege huruka kwa ubawa wake. Na sisi tusingoje wa mbali aje kutuandikia tunachokisikia dirishani.

Wazee wanaoyajua majina haya hawaongezeki. Kila masika tunawazika wachache. Atakayekutana na mmoja wao njiani, akamwona amesimama na kuinua kidole, naye asimame. Mkutano utamngoja.